Nywele za Kulala

Zamani mimi ndiye niliyewafuata.
Langoni pa Soko la Kenyatta tangu saa moja,
katalogi mkononi, pembe zimekunjika,
"Dada, nywele? Mrembo, njoo, sina foleni,"
hadi wengine wakikumbatia mikoba yao
na kutorokea barabara ya Mbagathi.
Sasa naambiwa nikae kibandani
nifuatwe.

Nduta, mdogo wangu, alinipa daftari la shule:
andika kila jaribio, usikisie.

Jumatatu. Picha ya twende kilioni, saa kumi na moja alfajiri.
Waliopenda: watatu.
Mimi, Nduta,
na bwana mmoja anayeuza ploti Kitengela.

Alhamisi. Video. Saa sita za kusuka
zimebanwa zikawa sekunde kumi na moja,
vidole vyangu mbio kama cherehani ya umeme.
Wakaja arubaini.
Kiuno hakikuonekana.
Kiuno hakienei katika sekunde kumi na moja.

Mwisho wa mwezi nikanunua.
Kijana wa Roysambu, mia tatu hamsini kwa Mpesa,
na kabla chai haijapoa, wafuasi elfu moja,
majina yao yana mikia ya tarakimu,
uso hakuna, mtaa hakuna,
elfu nzima, na hata mmoja hana kichwa cha kusukwa.

Nikajaribu nifuate-nikufuate:
muuza mitumba, muuza keki, muuza sabuni ya maji, na mimi,
tunapigiana makofi usiku kucha
kama soko ambalo wanunuzi wameambiwa ni sikukuu.
Nikajaribu ugomvi. Niliandika: mwanamume asiyetoa pesa ya nywele
asiulize kwa nini kilemba hakivuliwi.
Loo! Matusi mia saba.
Mama yangu, aliyezikwa mwaka wa corona, akatukanwa
na mtu mwenye picha ya paka.
Nilipata wafuasi mia mbili na kumi na sita.
Matusi sikujua niyaandike safu ipi.

Kisha nikaigundua siri ya Apondi wa kibanda cha pili,
mwenye taa ya duara na watu elfu ishirini:
ukivuta, picha hung'aa.
Vuta hadi kichwa kiwambike kama ngoma,
mistari isimame kama chai ya Limuru,
macho ya mteja yapande kidogo.
Kamera hupenda hivyo.
Nikavuta.
Mia tano. Elfu mbili. Tatu na ushei.
"Ukitaka uzuri sharti udhurike," niliwaambia,
nao wakacheka, wakameza Panadol.

Juzi amerudi Nasimiyu.
Ndiye wa ile video, iliyotazamwa mara elfu tisini,
kisogo chake nakijua kuliko uso wake.
Alifungua kitambaa taratibu
kama afunuaye sufuria akijua wali umeshaungua.
Juu ya masikio, hakuna kitu.
Ngozi tupu, laini kama kikombe.
Niliutambua mkono wangu pale
kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Hakunilaumu. Ingekuwa heri.
Aliketi, akaitazama simu iliyosimama kwenye kijiti chake,
akasema, "Safari hii nisukie za kulala."

Nikailaza simu kifudifudi kando ya mafuta ya nazi.
Sitadanganya: kabla sijailaza, nilihesabu.
Kichwa kile, kisa kile, machozi kidogo,
elfu kumi kabla ya magharibi.
Nilihesabu, ndipo nikachukua chanuo.

Nilisuka polepole, kubwa kubwa, legevu,
nikipazunguka pale patupu.
Mvua ikapiga bati. Akasinzia,
kichwa chake kikaegemea goti langu
kikawa kizito.

Usiku nikafungua daftari.
Jaribio la kumi na nne.
Wafuasi: wamepungua sita.
Na pembeni, kwa penseli, bila safu:
alilala.